Taya la Mtoto na Mkasi wa Jeni

Kuna slaidi moja ambayo kila mtu wa patholojia katika ukanda wa Ziwa Victoria huifahamu kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza kazini. Kwa lenzi ndogo ya hadubini unaona seli za buluu zilizobanana, umbo moja, ukubwa mmoja, na katikati yake vitundu vyeupe vilivyotapakaa. Vitabu huiita sura hiyo anga yenye nyota. Zile za buluu ni seli B zilizogeuka kuwa saratani. Vile vitundu ni seli walaji, ambazo kazi yake ni kumeza seli zinazokufa, maana katika uvimbe huu kuzaliana na kufa hukwenda pamoja. Ukipaka kipimo cha Ki-67, kinachotambua seli zilizo mbioni kugawanyika, karibu zote huchukua rangi. Uvimbe wa namna hii unaweza kuwa maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Mwalimu wangu wa kwanza wa maabara, mzee aliyesomea Makerere, alikuwa na desturi yake. Majibu mengine aliyaandika, akayatia sahihi, akayaacha kwenye trei yamsubiri tarishi. Slaidi hii akiiona alivua miwani, akainuka, akatembea kwa miguu yake mpaka wodi ya watoto. "Hii haingoji Jumatatu," alituambia sisi vijana wa maabara. Alikuwa na haki. Kila nilichojifunza baadaye kuhusu ugonjwa huu, hata yale ya ndani kabisa ya kromosomu, kimenirudisha kwenye neno lake hilo.

Ugonjwa wenyewe ni limfoma ya Burkitt. Kwetu huwapata hasa watoto wadogo, wengi wao kati ya miaka minne na saba, wavulana kuliko wasichana. Mara nyingi huanzia tayani, wakati mwingine tumboni.

Namkumbuka mvulana aliyeletwa na bibi yake kutoka kisiwa kimoja cha ziwani. Jino la nyuma lilikuwa limelegea, na katika kituo cha afya likang'olewa. Pengo halikuziba, nyama iliota palepale. Akapewa dawa za kuua bakteria. Kisha akapelekwa kwa mganga, akachanjwa chale shavuni. Kisha hospitali nyingine, ambako kipande cha nyama kilikatwa na kutiwa kwenye chupa kavu bila fomalini, kikafika kwetu kimeoza. Ikabidi akatwe tena. Siku tunampokea, jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, na meno yaliyobaki yanachezacheza ukiyagusa. Bibi alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkoba wake mapajani. Nilipomwamkia aliniuliza, "Mwanangu, jino si limeshang'olewa? Mbona ugonjwa umebaki?"

Nilimwambia, "Bibi, haukuwa wa jino tangu mwanzo. Jino lilikuwa linasukumwa."

Kilichofuata nimekiona mara nyingi tangu siku ile, na bado hunistaajabisha. Mtoto alianzishiwa saiklofosfamidi, vinkristini na methotreksati, na ndani ya siku chache shavu likaanza kushuka. Jicho likarudi mahali pake. Bibi akaanza kulalamika kwamba uji wa wodini ni mwepesi na mtoto anataka ugali. Kasi inayoufanya uvimbe huu uue ndiyo hiyohiyo inayouweka wazi mbele ya dawa, kwa sababu dawa hizo huzipiga seli zikiwa katika kugawanyika, na hapa karibu kila seli inagawanyika. Lakini kasi hiyo ina hatari nyingine. Mtoto akifika na uvimbe mkubwa mno, seli hufa kwa wingi kwa wakati mmoja, zikamwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu, figo zikazidiwa. Nimeona binti mdogo akipotea kwa njia hiyo siku chache baada ya dawa kuanza kufanya kazi vizuri. Uvimbe ulikuwa unakwisha. Angefika wiki mbili mapema, figo zake zingeweza kustahimili.

Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alimwona mtoto wa namna hii katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, alipoitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mvulana aliyevimba mataya yote mawili, juu na chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye, akiwa Jinja, aliona mwingine. Mwaka 1958 aliandika makala yake ya kwanza. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maelfu ya maili kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mnawaona watoto wenye uvimbe huu? Majibu yalichora ramani. Ulikuwepo penye joto na mvua, ulitoweka kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu ramani ileile ya malaria kali.

Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliokuwa ukumbini alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein alishika jambo moja: kama uvimbe unafuata hali ya hewa, huenda kuna kiini cha maambukizi. Akaomba atumiwe sampuli kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakupata kitu. Mwishoni mwa 1963 ndege iliyobeba sampuli moja ilizuiwa na ukungu kutua London, ikaenda kutua Manchester, na ilipofika maabara maji ya chupani yalikuwa yamekuwa na wingu. Wangeweza kuyatupa wakidhani yameingia bakteria. Epstein aliyatazama, akakuta ni seli hai za uvimbe zinaelea. Kutokana na seli hizo, yeye na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza mwaka 1964 kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapo kisa kingeweza kwisha, na katika vitabu vingi vya shule huishia hapo. Lakini kwa mtu anayekaa ukanda wa ziwa hesabu haijakamilika. Kirusi cha Epstein-Barr kimo ndani ya zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani kote. Kwetu watoto hukipata wakiwa wachanga. Malaria nayo, nani hajaugua? Na bado katika kijiji kizima ni mtoto mmoja tu anayevimba taya, nao ndugu zake wanaolala naye chandarua kimoja hawana neno. Kuna kitu cha tatu, na kitu hicho kinatokea ndani ya seli moja.

Ili kukieleza lazima nianzie mbali kidogo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Swali lililowasumbua wanasayansi kwa miongo mingi lilikuwa la hesabu. Mwili wa binadamu unaweza kutengeneza kingamwili za aina zisizohesabika, hata dhidi ya kemikali ambayo haikuwahi kuwapo duniani mpaka ilipoundwa maabara. Lakini jeni zetu za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, na hizo zinatakiwa zitengeneze moyo, ini, ngozi, nywele na kila kitu kingine. Kama kila kingamwili ingehitaji jeni yake, tusingekuwa na nafasi.

Jibu lilitoka Basel, Uswisi, mwaka 1976. Susumu Tonegawa, mwanasayansi wa Kijapani, pamoja na Nobumichi Hozumi, walichukua DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya mieloma ya panya, yaani saratani ya zile seli zinazomwaga kingamwili. Walizikata zote kwa kimeng'enya kilekile, kisha wakatafuta vipande vinavyobeba jeni ya kingamwili. Katika kiinitete, sehemu mbili za jeni hiyo zilikuwa kwenye vipande mbalimbali. Katika mieloma zilikuwa pamoja. Maana yake ni kwamba ile seli, katika safari yake ya kukua, ilikuwa imeukata urithi wake yenyewe na kuuunga kwa mpangilio mwingine. Tulikuwa tumefundishwa kwamba DNA ya kila seli mwilini ni ileile, tangu mimba hadi kaburi. Kwa seli B, si kweli. Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987.

Fikiria fundi cherehani mwenye marundo matatu ya vitambaa vilivyokwisha kukatwa: kola kama 40, vifua 23, mifuko 6. Kwa kila shati huchukua kimoja tu kutoka kila rundo, hushona, na kilichokuwa katikati hukitupa. Kwa marundo hayo madogo hupata zaidi ya mashati 5,000 yasiyofanana. Marundo hayo katika jeni ya mnyororo mzito wa kingamwili huitwa V, D na J, nayo yamo kwenye kromosomu ya 14. Mnyororo mwepesi una marundo yake kwenye kromosomu ya 2 na ya 22. Kisha, penye maungio, seli huongeza herufi chache za DNA kwa kubahatisha bila kufuata kielelezo chochote, na hapo ndipo idadi inapopaa hadi mabilioni.

Mkasi wenyewe ni protini mbili, RAG1 na RAG2, zilizotambuliwa mwaka 1989 na 1990 na David Schatz na Marjorie Oettinger katika maabara ya David Baltimore nchini Marekani. Hukata kando ya alama maalumu zilizoandikwa kwenye DNA, herufi 7 na herufi 9, zilizoachana kwa nafasi ya herufi 12 au 23, na huunganisha tu ya nafasi hii na ya nafasi ile. Kazi hii hufanyika ndani ya uboho wa mifupa, sasa hivi unaposoma, katika mwili wako. Ni kazi yenye hasara kubwa. Kama maungio mawili katika kila matatu huharibu usomaji wa jeni. Seli hujaribu tena kwenye kromosomu ya pili, na ikishindwa kote hufa bila mtu kujua. Inayofaulu hutoka na maungio yake, ambayo hayalingani na ya seli nyingine yoyote, na watoto wake wote watayarithi.

Hapo ndipo daktari wa saratani anapopata chombo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Stanley Korsmeyer na wenzake walionyesha kwamba katika saratani za seli B maungio ya jeni ya kingamwili ni ushahidi kwamba seli zote zimetoka kwa mama mmoja. Tezi iliyovimba kwa sababu ya maambukizi huwa na seli B za kila aina, maelfu ya maungio mbalimbali. Tezi iliyovimba kwa limfoma huwa na ungio moja lililorudiwa mamilioni ya mara.

Nilipelekwa Uholanzi kujifunza kipimo hicho kwa njia ya PCR, yaani kuzidisha kipande cha DNA mara nyingi. Maabara za Ulaya zilikuwa zimekubaliana juu ya utaratibu mmoja, ukachapishwa mwaka 2003. Unatoa DNA kwenye kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, unazidisha eneo la maungio, kisha unatazama urefu wa vipande. Maambukizi huchora kilima kipana chenye vilele vingi vidogo. Saratani huchora kilele kimoja, kirefu, chembamba.

Niliporudi nyumbani, mojawapo ya sampuli za kwanza ilikuwa ya mvuvi mzee mwenye mtoki shingoni. Alikuwa amemaliza dozi nzima ya dawa za kifua kikuu na mtoki uko palepale. Chini ya hadubini tuligawanyika: wengine waliona seli za kawaida zilizochokozwa, wengine hawakuridhika. Grafu ilipotoka ilikuwa na kilele kimoja. Tulirudi kwenye slaidi, tukapaka kipimo cha CD20, alama ya seli B, na vipimo vingine, na limfoma ya kukua polepole ikajionyesha. Mzee akaacha vidonge ambavyo vilikuwa vinamchosha bure, akapewa matibabu yaliyomfaa.

Lakini niseme jambo ambalo huwasisitizia vijana ninaowafundisha sasa: kilele kimoja si hukumu. Mwili unaopigana na kirusi kwa nguvu unaweza kukuza ukoo mmoja wa seli B kwa muda, na grafu ikatisha bila sababu. Na nyama iliyokaa kwenye fomalini kupita kiasi hutoa DNA iliyokatikakatika, ambayo inaweza kuonyesha kilele cha uongo kwa sababu vipande vilivyosalia ni vichache. Mashine hutoa ushahidi. Anayeamua ni mtu aliyeisoma slaidi, akamsikiliza daktari wa wodini, akajua mgonjwa ana siku ngapi na homa yake ikoje. Nimeona maabara zenye mashine za bei kubwa zinazotoa majibu mabaya kuliko mzee wangu na hadubini yake.

Turudi kwa mtoto wa taya. Mkasi wa uboho si wa mwisho katika maisha ya seli B. Seli ikikutana na adui, huingia kwenye vituo maalumu ndani ya matezi, tonsili na bandama, na huko hukatwa mara ya pili. Kimeng'enya cha huko kinaitwa AID; maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto ilikitambua mwaka 1999. AID hubadili herufi za jeni ya kingamwili makusudi, herufi moja hapa, moja pale, kisha seli zenye kingamwili inayomshika adui vizuri zaidi huchaguliwa na zilizodhoofika huachwa zife. AID pia huvunja DNA ili kingamwili ibadili daraja, kutoka IgM kwenda IgG au IgA. Ndiyo maana chanjo ya pili hukinga kuliko ya kwanza. Bila kazi hiyo mtoto huugua kila mara.

Ila kimeng'enya kinachovunja DNA hakikosi kuvunja pasipotakiwa. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova, wakiwa Sweden, waliona katika seli za limfoma ya Burkitt kromosomu ya 14 iliyokuwa ndefu kuliko kawaida. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kwamba kipande kilichozidi kimetoka kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, wakiwemo wa maabara za Carlo Croce na Philip Leder, walikitambua kilichohama: jeni ya MYC, inayoiamuru seli igawanyike. Kwa kawaida MYC huwashwa kwa muda na kuzimwa. Ikishaungwa kando ya jeni ya kingamwili, inakaa chini ya swichi ambayo katika seli B haizimwi. Seli inapokea amri moja mchana na usiku: gawanyika.

Nilipoielewa njia hii yote nilikaa nayo kwa muda mrefu. Ule uvimbe tayani ulianzia kwenye kazi halali ya kinga, katika mwili wa mtoto uliokuwa unajitahidi kumlinda. Hakuna aliyemloga, na wala mama yake hakumlisha kitu kibaya. Nimekuwa nikiwaeleza wazazi hivyo, kwa maneno mepesi, kwa sababu wengi huja na hatia ambayo si yao, na baadhi huja na jina la jirani wanayemshuku.

Na malaria? Sasa sehemu yake inaonekana vizuri zaidi. Vimelea vya malaria huvichokoza vile vituo vya seli B vikae macho mwezi baada ya mwezi, AID ikifanya kazi muda wote. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza tonsili za watoto wanaoishi kwenye malaria nyingi waliripoti kwamba vimelea husababisha AID kuzidi katika seli B, zikiwemo zile zenye kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka 2015 Davide Robbiani na wenzake walionyesha kwa panya kwamba maambukizi ya malaria ya muda mrefu huongeza mivunjiko ya DNA na limfoma kwa njia inayotegemea AID. Kirusi nacho husaidia seli iliyojeruhiwa isife kama ilivyopaswa. Vitu vitatu vinakutana ndani ya seli moja: kirusi kinachoizuia kufa, malaria inayozidisha kukata, na mkato mmoja uliounga MYC mahali pasipo pake. Ndiyo maana ni mtoto mmoja kijijini.

Tanzania iliwahi kujaribu kuikata kamba hiyo. Kuanzia mwaka 1977, huko North Mara, watoto waligawiwa klorokwini kwa miaka kadhaa ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma ya Burkitt. Idadi ya wagonjwa ilishuka, kisha ikapanda tena. Watafiti walikuwa waaminifu: waliandika kwamba kushuka kulianza kabla ya dawa, na kwamba vimelea vilirudi huku dawa bado inagawiwa, kwa hiyo hawakuweza kudai ushindi. Nauheshimu sana utafiti ule. Ulifanywa na watu waliopita nyumba hadi nyumba, katika barabara nizijuazo, na haukupamba matokeo yake.

Kuna jambo moja kutoka Uholanzi sijaweza kulisahau. Katika orodha ya seli zilizohifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, kati ya namba na herufi zisizo na maana kwangu, nilisoma jina: Daudi. Nikauliza. Ni seli za limfoma ya Burkitt zilizotoka kwa mvulana wa Kenya mwaka 1967, na tangu hapo zimeendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima. Karibu yake palikuwa na Raji, zilizotoka kwa mtoto wa Nigeria mwaka 1963. Seli hizo ni miongoni mwa zinazotumika kila siku kupima kingamwili za kutibu saratani ya seli B, zile zinazoshika CD20 juu ya seli na kuiangamiza. Ya kwanza ya aina hiyo, rituximab, iliidhinishwa Marekani mwaka 1997. Mwaka 2020 utafiti wa kimataifa ulichapisha matokeo ya watoto wenye limfoma za seli B zilizokomaa, nyingi zikiwa Burkitt, zilizo katika hatua ya hatari: waliopata rituximab pamoja na kemotherapia, karibu 94 katika kila 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya miaka mitatu, wasioipata, 82.

Katika hospitali nyingi za Afrika tunahesabu nusu, na mara nyingi chini ya nusu. Mvulana mmoja wa Kenya amesaidia kupima dawa kwa zaidi ya nusu karne, na mtoto wa kijiji cha jirani anazikosa. Hilo ni deni, na linapaswa kulipwa kwa bei za dawa, kwa mafunzo, kwa vifaa, kwa kuandikwa kwa majina yetu kwenye tafiti zinazotumia damu yetu.

Lakini nusu ya deni ni letu wenyewe. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na John Ziegler na wenzake wakaonyesha pale Mulago kwamba limfoma ya Burkitt inaponyeka kwa dawa, wakati ambapo saratani nyingi duniani zilikuwa hazigusiki. Serikali ya Idi Amin ilipowafanya wageni waondoke, Charles Olweny, daktari Mganda, aliishika taasisi ile na kuiendesha katika miaka ambayo hata sabuni ilikuwa haba. Watu walitibiwa. Kama iliwezekana wakati ule, siamini kwamba leo tunashindwa kuweka chupa ya fomalini katika kila hospitali ya wilaya. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2018 mpango wa saratani za watoto, na limfoma ya Burkitt ni moja ya saratani 6 zilizochaguliwa kuwa kipimo. Lengo ni angalau watoto 60 katika kila 100 wapone ifikapo 2030. Saiklofosfamidi si dawa mpya wala si ya siri. Kinachotukwamisha ni wiki zinazopotea kati ya shavu la kwanza kuvimba na slaidi ya kwanza kusomwa.

Kwa hiyo nawaomba wahudumu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, na madaktari wa meno: mtoto mdogo akija na jino linalolegea bila kuoza, au fizi inayojaa, au taya linalokua kwa siku badala ya miezi, msikimbilie koleo. Ng'oeni jino siku nyingine. Mpeni rufaa siku hiyohiyo, na kipande kikikatwa kitiwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, na jina la mtoto juu ya chupa pamoja na namba ya simu ya mzazi. Nawaomba wanaopanga bajeti za mikoa wahesabu wataalamu wa patholojia kama wanavyohesabu magari ya wagonjwa.

Na wewe mzazi unayesoma: ukiona shavu au tumbo la mwanao limevimba na wiki ijayo limezidi, usisubiri mavuno, usisubiri siku ya soko, usisubiri shemeji arudi na pesa. Mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu, uliza kwa sauti kama wanaweza kukata kipimo cha nyama, na kama hawawezi uliza ni wapi wanaweza. Ugonjwa huu unatibika, na mtoto anayefika mapema ana nafasi nzuri ya kurudi nyumbani mzima.